Hema la Chumba Namba Saba

Hema hili aliliacha Mfaransa mmoja
chumba namba saba, kule Paje ninakotandika vitanda,
pamoja na soksi moja na pampu ya baiskeli.
"Chukua," aliniambia kwa mkono,
maana maneno hatukuwa nayo ya kututosha.
Miezi minne likakaa juu ya kabati,
Zuwena akiuliza: chandarua hicho kisicho na kitanda, utakitoa lini?

Nilipopata likizo nikakitoa.
Tukavuka na meli ya usiku hadi Mkoani,
baiskeli mbili tumezifunga kamba moja kama mbuzi wa kuuzwa:
yangu Phoenix ya marehemu baba, haina gia ila magoti,
yake ya kuazima kwa kaka yake Shaame,
kengele nzima, breki nusu.

Pemba haina tambarare ya kukusamehe.
Mlima, mteremko, bonde la mpunga, mlima.
Kutoka Chake mpaka Ole nilishuka mara sita nikasukuma.
Zuwena akanipita, baibui kalipiga fundo kiunoni,
akagonga kengele pasipo haja.

Ulikuwa msimu. Majamvi yametandazwa kando ya lami,
karafuu zinabadilika rangi huku unazitazama,
harufu inaingia puani, inashuka hadi kwenye meno.
Watoto wanaochambua wakapiga kelele: "Wazungu!"
Wakatutazama vizuri. Wakanyamaza.
Mmoja akasahihisha: "Wazungu weusi."

Mchanga Mdogo, pancha.
Fundi hakutaka pesa, alitaka kujua.
"Mwenda wapi?"
Makangale.
"Kuna msiba?"
Hakuna.
"Harusi?"
Hakuna. Twatembea tu.
Akakaza nati polepole,
kama daktari asiyetaka kumwambia mgonjwa.

Halafu Ngezi. Barabara ikaingia msituni
na jua likazimwa kama mtu kabonyeza swichi.
Popo wamening'inia juu, miavuli iliyofungwa.
Zuwena aliyekuwa akisema tangu Konde
akaacha kusema, akaanza kusoma Ayatul Kursi,
nami nikaganda nyuma ya gurudumu lake,
nikiitikia amina pasipostahili.

"Mwalala nje?" Bi Kaije alituuliza,
pembeni mwa shamba lake la muhogo.
"Kwani mmegombana na nani?"
Tukamweleza: likizo, hema, starehe.
Akasikiliza mpaka mwisho, akamwita mjukuu:
"Tandika chumba cha uani."
Tukakataa. Akaleta mkeka. Tukakataa.
Akaleta wali na mchuzi wa pweza.
Hapo ujasiri ukatuishia.

Hema tulilisimamisha kwa kubahatisha,
kijiti kimoja kikabaki mkononi hakina kazi.
Ndani, kwenye mshono, tochi ikanionyesha
bua jembamba, kavu, la nyasi nisiyoijua.
La shamba gani? La nani?
Nikamwona mgeni wangu amejikunja kando ya ngano za watu
na bibi mmoja wa huko kasimama na taa:
kwani umegombana na nani?

Saa nane mvua ikaja, si ile ya kubisha hodi.
Paa letu, unene wa ukope.
Maji yakapita chini ya migongo yetu yakiitafuta Vumawimbi.
Nimetandikia watu vitanda miaka kumi na moja,
miaka hiyohiyo ya ndoa yetu,
wala sikujua kuwa mke wangu akiogopa hucheka.
Alicheka mpaka hema likatikisika.

Mwanga ukaja kwa matope, gunia la karafuu kichwani.
Hakusema "niliwaambia."
Alisema: "Uani kukavu."
Tukamfuata na mkeka, na aibu.

Asubuhi hema likaanikwa juu ya ua,
linavuja tone tone karibu na majamvi ya jirani,
naye jirani akalisogeza kwa fimbo, kistaarabu.
Bua nikalirudisha mshononi.
Zuwena akatia karafuu tatu mbichi.
"Akija kulidai," akasema, "asione limekaa bure."

Kisha akapanda, akagonga kengele.
Kurudi nako, sijui kwa hesabu ya nani,
ni mlima mtupu.